Siku Niliyokwenda Ukweni na Nyoka Mkononi

Nilitaka kuoa. Nalisema mapema, maana kuna watu hapa Kigoma mpaka leo wanaamini nilikwenda Ujiji siku ile kufanya fujo.

Jumapili nilikuwa na miadi ya kujitambulisha ukweni. Jumamosi yake shule yetu ilikuwa na mahafali ya kidato cha nne, na mimi mwalimu wa historia ndiye niliyeandika igizo. Mtu mwenye akili zake angemwachia mwanafunzi aigize. Ila mhusika mkuu nilishampenda mno, nikaona watoto watamharibu.

Mhusika mwenyewe ni Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mzaliwa wa Hobart, Tasmania, 1876. Alijiunga akiwa bado kijana mdogo, na kuanzia hapo ni mkosi unampokea mkosi. Katika mazoezi ya kupima ulinzi wa bandari ya Portsmouth aliipandisha manowari yake ufukweni. Siku nyingine akagonga boti ya watu, akafikishwa mahakama ya kijeshi. Novemba 1914 alikuwa anaongoza kikosi kidogo cha kulinda pwani ya Uingereza. Meli yake mojawapo, Niger, ikapigwa topido karibu na mji wa Deal ikazama mchana kweupe, na bwana mkubwa wakati huo yuko hotelini na mkewe na wageni wao, anaitazama dirishani. Wakamtoa baharini wakampa meza na makaratasi. Kwa hiyo 1915 serikali ilipotaka mtu wa kupeleka boti mbili za mashine Ziwa Tanganyika kupambana na Wajerumani, maofisa wa maana wote walikuwa na shughuli. Akabaki yeye.

Boti hizo, za futi 40 kila moja, aliomba ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na Mimi na Toutou, ambayo ni paka na mbwa wale wale kwa Kifaransa cha kubembelezea watoto, safari hii wakapitisha. Sasa jamani, mwandishi gani wa Kiswahili ataiacha boti inayoitwa Mimi? Onesho la kwanza lote lilikuwa hilo tu:

"Nani anaongoza Mimi?"

"Mimi."

"Nimeuliza Mimi, sijakuuliza wewe."

"Mimi naongoza Mimi, wewe kapande Toutou!"

Watoto walicheka mpaka mgeni rasmi akamwaga soda.

Mimi na Toutou zetu zilikuwa toroli mbili za mchanga, maana boti za kweli nazo zilikokotwa nchi kavu. Zilishushwa melini Cape Town, zikapakiwa treni hadi Katanga, kisha zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Nilipotaja Mitumba ukumbi ulicheka tena, kwa sababu kila mtu alikuwa anaitazama sketi yangu.

Ndiyo, sketi. Huyu bwana alivaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mkewe, akiwa ofisa, vitani. Mwili wake ulijaa tatuu za nyoka na vipepeo, na alikuwa akioga hadharani, makusudi, watu wazione. Waholoholo wa ng'ambo ile ya Kongo walimpa jina la Bwana Chifunga-Tumbo. Yangu niliinunua mitumbani Mwanga, saizi ya mwanamke mnene, nikaibana na pini moja. Nilipopiga saluti, pini iliruka. Nilikuwa na bukta ndani, kwa hiyo hilo tulisahau baada ya dakika kumi.

Shida ilikuwa tatuu.

Nilikwenda kwa dada mmoja wa saluni anayepamba maharusi. Nikamwambia nataka nyoka wawili wanaoshuka kutoka viwikoni hadi karibu na viganja, na kipepeo mmoja shingoni. Hakuuliza kitu. Ukimpamba bibi harusi miaka kumi, nadhani hushangai tena. Aliniuliza tu, "Ionekane mpaka viti vya nyuma?" Nikajibu ndiyo. Nikakaa saa mbili nikinyooshewa mikono kama mwali, na kazi ilikuwa safi, magamba yamechorwa moja moja, ulimi wa nyoka umegawanyika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Nilipokuwa nalipa ndipo nikauliza hina hiyo inatoka kwa sabuni ipi.

"Hiyo siyo hina, mwalimu. Hiyo piko."

"Inatoka lini?"

"Ukijitahidi kuoga, wiki mbili."

Usiku wa Jumamosi nilijisugua kwa dodoki, kwa ndimu, kwa majivu, na mwishowe kwa mafuta ya taa. Nyoka hawakupungua hata gamba moja. Wao waling'aa, mimi nikanuka kama koroboi.

Jumapili nilivaa shati jeupe la mikono mirefu, nikafunga vifungo mpaka kooni, juu yake koti. Kigoma, saa saba mchana. Baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, aliniuliza kama nina homa. Nikasema ni heshima.

Baba mkwe ni fundi mitambo mstaafu wa Liemba. Ametumia ujana wake wote kwenye chumba cha mashine cha meli ile, na anaizungumzia kama mama yake mzazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha mkekani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka chakula kilipoletwa: ugali na migebuka kwenye mchuzi wa mawese, mwekundu unawaka.

"Kunja mikono, baba," mama mkwe akasema. "Mawese hayatoki hayo."

Nikasema nitakuwa mwangalifu. Akasisitiza. Shangazi akasisitiza. Mdogo wake mchumba wangu, mtoto wa miaka saba hivi, akaja na jagi na beseni, akaona nachelewa, akanivuta shati mwenyewe ili aninawishe.

Jagi lilianguka.

"Mama! Shemeji ana joka!"

Sitasimulia dakika tatu zilizofuata. Itoshe kwamba shangazi alikuwa mlangoni, na baba mdogo alisogea mbali nami kana kwamba tumekutana kituo cha daladala. Kipepeo naye alitokea nilipofungua kifungo cha shingo nipate pumzi. Ikabidi niseme kweli yote, kuanzia Hobart. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu, kwa sababu habari ya sketi haiingii vizuri kwenye maelezo ya kuposa.

Mzee alikaa kimya, anamega ugali. Mwisho akauliza, "Kingani, ile meli ya Wajerumani, aliiteka nani?"

"Mimi, mzee. Tarehe 26 Desemba 1915."

"Mimi wewe, au Mimi boti?"

Nikamtazama. Alikuwa hacheki.

"Na meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann?"

"Tuliizamisha Februari 9 mwaka uliofuata."

"Haya. Kesho yake ikatokea Götzen inamtafuta mwenzake. Ukafanyaje?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Götzen ndiyo Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mashine zake wakazipaka grisi kwanza, ikaopolewa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Na Spicer-Simson, pamoja na nyoka wake wote, alipoiona inapita mbele yake alikataa kutoka kupigana nayo.

"Sikutoka, mzee," nilisema.

"Uliiogopa."

"Niliiogopa."

Mzee akanawa, akajifuta, akamgeukia baba mdogo. "Mshenga, mahari ni ile ile tuliyozungumza. Ongeza mbuzi wawili. Mmoja wa Kingani, mmoja wa Hedwig."

Baba mdogo, kwa woga, akauliza kama hakuna wa tatu.

"Wa tatu wa nini? Ile hakuigusa."