Msituletee Pampu, Tuleteeni Kihisi

Wiki mbili zilizopita, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, Baba Mdogo aliye Brussels alituma picha ya pampu ya insulini, kile chombo kidogo anachokivaa mwenye kisukari ili kimwingizie dawa mwilini bila sindano za kila siku. Mwenzake wa kazini alikuwa amepewa mpya, na hiyo ya zamani, ambayo bado ni nzima, ingefungwa katika sanduku ije Bukavu kwa binti wa dada yangu, mtoto wa miaka tisa mwenye kisukari, anayechomwa sindano za insulini tangu akiwa na miaka mitano. Mashangazi walimshukuru Mungu, wajomba walituma baraka, na mimi peke yangu niliandika kwamba tusiipokee. Wapo ambao hadi leo hawajibu salamu yangu. Ninaandika hapa kile ambacho kule sikupewa nafasi ya kukieleza, kwa sababu najua kwamba familia nyingine, hapa na Goma na Lubumbashi, zitaletewa zawadi kama hiyo na zitaona haya kuikataa.

Sikatai kwamba pampu ni chombo kizuri. Inaweza kutoa insulini kidogo kidogo, hata yuniti 0.05, kiasi ambacho hakuna mkono unaoweza kukivuta kwa sindano, na inaweza kuongeza dozi alfajiri wakati sukari inapopanda yenyewe kabla mtoto hajala chochote. Tangu 2016, Marekani ilipoidhinisha mfumo wa kwanza ambao pampu inajirekebisha kwa kufuata kihisi, yaani kifaa kidogo kinachobandikwa mwilini na kupima sukari muda wote, watu wengi wanalala usingizi ambao wazazi wao hawakuwahi kuupata. Kama dada yangu angeishi Ubelgiji, ningemwambia aichukue kesho.

Lakini pampu hutumia insulini ya haraka peke yake, na hilo ndilo jambo ambalo picha nzuri haionyeshi. Anayechoma insulini ya muda mrefu ana akiba chini ya ngozi. Hata akichelewa sindano ya chakula, akiba ile inaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Mwenye pampu hana akiba hiyo. Kanula, yaani ule mrija mwembamba unaopitisha insulini, ikikunjika chini ya ngozi, mrija ukiziba, au betri ikiisha usiku na hakuna aliyegundua, insulini ya mwisho huisha mwilini kwa saa chache, ketoni, yaani asidi zinazosumisha damu, huanza kupanda, na mtoto aliyelala akiwa mzima anaweza kuamka akitapika na kupumua kwa shida. Ndiyo maana kila mwenye pampu huambiwa awe na sindano na insulini ya akiba nyumbani, na apime sukari mara nyingi zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo pampu haituondolei mzigo wa kupima, bali inauongeza, na yule asiyeona sukari ya mtoto hapaswi kukabidhiwa mashine inayomimina insulini usiku kucha.

Kisha kuna vifaa vyake. Kanula hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, maana yake ni zaidi ya mia moja na ishirini kwa mwaka, na lazima zilingane na pampu ileile, ambayo kwa kuwa ni ya zamani huenda mtengenezaji ameacha kuitengenezea vifaa. Kiwanja chetu cha ndege cha Kavumu kilifungwa mwanzoni mwa 2025, benki zikafunga milango, na sasa mzigo wa dawa unapitia mpakani kwa mikono ya watu wema. Farmasi ninazozijua zinauza insulini ya kawaida isiyo na rangi, nyingine ya rangi ya maziwa inayodumu zaidi, na ule mchanganyiko wa hizo mbili uitwao 30/70; insulini ya haraka inayotakiwa na pampu nimeiona mara mbili tu katika miaka minne.

Mwaka jana mgeni mmoja alituachia vihisi vitatu vya kubandika mkononi na kisomaji chake. Kila kimoja kilidumu siku kumi na nne, na wiki hizo sita zilitufundisha kuliko miaka yote iliyotangulia. Kabla ya hapo, usiku mmoja wa masika, dada yangu alimkuta mwanawe amelowa jasho na haitiki. Kipimo cha damu ya kidole kilisema 38 (mg/dL), sukari iliyoshuka kwa hatari, nasi tulimpaka asali ndani ya shavu mpaka akafungua macho na kumeza. Jioni ile, kabla ya kulala, kidole kilikuwa kimesema 160, namba ambayo mzazi yeyote angeifurahia. Bandeleti, kile kijikaratasi cha kupimia tone la damu ya kidole, ilisema kweli, lakini haikuweza kutuambia kwamba 160 ile ilikuwa inashuka.

Kihisi huonyesha namba pamoja na mshale wake. Asubuhi, mama yake alikuwa akikisoma na kuona mstari mzima wa saa nane zilizopita, hata kama umeme ulikuwa umekatika usiku kucha. Katika wiki ya pili tuliona kwamba mstari unazama karibu saa nane za usiku, kila Jumanne na kila Alhamisi, siku nyingine hapana. Jumanne na Alhamisi ndizo siku za michezo shuleni, na baada ya michezo mtoto hupanda kwa miguu mlima wote wa Kadutu mpaka nyumbani. Misuli yake ilikuwa ikiendelea kuvuta sukari saa nyingi baadaye. Daktari alipunguza dozi ya jioni ya siku hizo mbili, tukaongeza kikombe cha maziwa kabla ya kulala, na kuzama kule kukakoma. Tuliona pia kwamba bugali wa muhogo unapandisha sukari haraka kuliko tulivyodhani, na kwamba akianza na maharagwe na sombe, yaani majani ya muhogo, kupanda kunakuwa kwa taratibu.

Vihisi vile viliisha zamani, lakini dozi ya Jumanne haijabadilika na maziwa bado yanachemshwa. Pampu ingekwama miezi mitatu baada ya kufika kwa kukosa kanula, ingetuachia nini?

Muuguzi wetu alinikumbusha kwamba bei ya kihisi kimoja ingenunua bandeleti za wiki nyingi, na ninakiri, kwa uzito wa moyo, kwamba nyumba isiyo na bandeleti ianze nazo. Kihisi chenyewe husoma majimaji ya chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na mtoto akilalia mkono kinaweza kusema sukari imeshuka wakati haijashuka. Kidole bado kinahitajika mtoto anapojisikia vibaya na namba haiafikiani na hali yake.

Baba Mdogo anakuja mwezi ujao. Nimemwandikia pembeni, kwa heshima, kwamba nafasi ya pampu katika sanduku aijaze vihisi sita: viwili vya mwanzo wa mwaka wa shule, viwili vya wakati daktari atakapobadilisha dozi, na viwili vya likizo, mtoto anapokwenda kwa bibi na ratiba yote inavurugika. Nimemwomba alete kisomaji chenyewe badala ya kutegemea simu, kwa sababu programu zake hazipatikani katika kila nchi, pamoja na bandeleti kwa wingi atakaoweza. Ujumbe ameusoma juzi, bado hajajibu.