Usingizi wa rubani na saa isiyojua mang'amung'amu

Mwezi uliopita nilikesha matangani Jinja. Nilikaa mkekani, mgongo ukutani na mikono magotini, nikiwasikiliza wazee mpaka jogoo wakawika. Asubuhi saa yangu ya mkononi, ile ya bei rahisi inayohesabu hatua, ikanipongeza kwamba nimelala saa nne na ushee. Sikuwa nimepata hata lepe la usingizi.

Hilo hunijia kila nikisikia hoja kwamba marubani wavalishwe vifaa vya jamii hiyo ili ijulikane kama wamelala kabla ya kuruka. Vifaa vya watafiti ni bora kuliko changu, lakini kazi ni ileile. Kihisi kidogo kinasajili kutikisika kwa mkono, kisha programu inaukata usiku vipande vya nusu dakika au dakika moja na kuamua, kimoja kimoja, kama mtu amelala au yu macho. Ukitulia, umelala. Ukigaragara, u macho.

Kipimo kamili ni kile cha maabara: elektrodi kichwani, kando ya macho na kidevuni. Saa ya mkononi ikilinganishwa nacho, huutambua usingizi vizuri sana, zaidi ya vipande tisa katika kila kumi. Shida iko upande wa pili. Mtu aliye macho lakini ametulia, kifaa mara nyingi humkosea kwa nusu ya muda wake au hata zaidi. Rubani aliyelala chali hotelini Mumbai, pazia limefungwa saa sita mchana, akitazama dari na kuwaza karo za watoto, kwa kifaa hicho amelala fofofo.

Basi tuvitupe? Siendi huko, kwa sababu njia mbadala ni kumuuliza rubani mwenyewe, na mchovu ni shahidi mbaya wa uchovu wake. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya watu waliolazwa saa sita tu kila usiku kwa siku 14. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeporomoka kama wa mtu aliyekesha usiku mzima au hata miwili, lakini wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Mtu wa namna hiyo akikuambia "niko sawa", hadanganyi. Hajui.

Ratiba ya kazi nayo haijui. Tarehe 25 Januari 2024 marubani wote wawili wa ndege ya Batik Air iliyotoka Kendari kwenda Jakarta walilala angani kwa takriban dakika 28. Rubani mkuu alikuwa amepumzika kwa makubaliano na mwenzake. Naibu, aliyebaki na usukani, akapitiwa. Nyumbani alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja. Ndege ilitua salama. Karatasi ya ratiba huandika saa za mapumziko, haiandiki mapacha.

Kwa Entebbe suala hili lina sura yake. Tunapotaja uchovu wa marubani watu hufikiria kuvuka bahari na kubadilisha majira, lakini safari nyingi za kutoka hapa hazihamishi sana saa ya mwili. Dubai imetutangulia kwa saa moja, Mumbai kwa mbili na nusu, na London iko nyuma yetu kwa mbili au tatu kulingana na msimu. Kinachoumiza ni saa ya kuondoka na ya kutua. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili hushuka chini kabisa, hata ukiwa umelala mchana kutwa. Tangu Uganda Airlines irejee angani Agosti 2019, kisha ikaongeza Mumbai mwaka 2023 na London mwaka 2025, swali la nani anaamka saa ngapi ni letu pia, si la Wazungu tu.

Hapo ndipo kifaa kinafaa. Mizani ya sato pale mwalo wa Kasenyi ikizidisha kwa robo kilo kila mara, huwezi kuiamini kwa uzito wa samaki mmoja, lakini bado itakuonyesha nani kavua zaidi. Vivyo hivyo, ukiwavalisha marubani 20 kwa wiki mbili na kulinganisha zamu za alfajiri na za mchana, utaona ni zamu ipi inayokula usingizi. Ila mizani yetu hii haizidishi sawasawa kwa wote. Mwenye usingizi wa mang'amung'amu huzidishiwa kuliko anayelala vizuri, kwa hiyo kumwita rubani mmoja ofisini na kumwekea grafu ya juzi mezani ni kumhukumu kwa mizani ya mwalo.

Wasimamizi wana hoja, na siidharau. Kampuni inalipia hoteli, abiria wanalipia tiketi, na rubani ana wajibu wa kutoruka akiwa hafai. Kama alipewa saa 12 za mapumziko akazimalizia mjini kwenye biashara zake, kwa nini isijulikane? Marubani hujibu kwamba leo ni usingizi, kesho ni chupa ya bia, keshokutwa ni nani alilala wapi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la pekee, na sioni jinsi usingizi wa mtu usivyokuwa afya yake.

Jibu la kawaida ni kwamba majina yataondolewa. Kwa shirika kubwa sawa. Lakini shirika lenye Airbus A330 mbili tu, ukitoa jina na kubakiza tarehe na safari, nani atashindwa kujua ni kapteni yupi? Ukificha tarehe nayo, takwimu haikuambii kitu.

Kwa maoni yangu takwimu hizi zisikae kwa mwajiri. CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa anga, ofisi zake ziko hapahapa Entebbe. Marubani wa nchi zote wanachama wakichanganywa humo, jina linapotea kweli na zamu mbaya inabaki kuonekana. Kifaa kisiende peke yake: kiambatane na daftari la usingizi na lile jaribio fupi la kubonyeza kitufe taa inapowaka, maana hilo ndilo linalopima umakini wenyewe. Waanze na wanaojitolea, wiki mbili tu. Na kama zamu itakayoonekana mbaya haitabadilishwa, vifaa virudishwe kwenye makasha yake.