Watoto Wamepungua, Ikama Imepanda: Hesabu Ngumu ya Shule za Chicago

Katika mwaka wa masomo wa 2024/2025, shule ya sekondari ya Frederick Douglass, iliyopo upande wa magharibi wa jiji la Chicago, ilikuwa na wanafunzi 28 katika jengo lililojengwa kuchukua mamia. Gharama ya kumsomesha kila mmoja wao ilifikia takriban dola 93,000 kwa mwaka, wakati wastani wa wilaya nzima ya shule za umma za jiji hilo haukufika dola 19,000. Takwimu hiyo imekuwa ikitajwa tangu wakati huo na kila anayedai kwamba shule za jiji hilo zinafuja fedha. Hutajwa pia na wale wanaouliza swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo la kuanzia: shule hufikaje kubaki na wanafunzi 28, na nani alikuwa akiitazama ikipungua mwaka hadi mwaka bila kuchukua hatua?

Kupungua kwenyewe hakuna anayekubishia. Mwanzoni mwa karne hii wilaya ya shule za umma ya Chicago ilikuwa na wanafunzi takriban 435,000. Mwaka wa masomo 2012/2013 walikuwa 403,000 hivi, na katika hesabu ya vuli ya 2025 walibaki 316,000 na kidogo. Sababu zake ni kadhaa na zimefungamana. Idadi ya watoto wanaozaliwa Marekani ilifika kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Wakazi weusi wa Chicago, waliokuwa zaidi ya milioni moja katika sensa ya mwaka 2000, walikuwa wamepungua hadi takriban 788,000 ilipofika sensa ya 2020. Kubomolewa kwa majengo makubwa ya nyumba za umma, kama yale ya Robert Taylor Homes upande wa kusini, kuliondoa familia nyingi katika mitaa ambayo shule zake zilijengwa kwa ajili yao. Kuwasili kwa familia za wahamiaji, nyingi kutoka Venezuela, kuanzia mwaka 2022 kuliinua hesabu kidogo kwa miaka miwili, kisha mteremko ukaendelea.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalioni mara moja ni kwamba gharama haziondoki pamoja na watoto. Tuchukue mfano wa kubuni wa shule ya msingi yenye ngazi tisa, kuanzia chekechea hadi darasa la nane, kila ngazi ikiwa na mikondo miwili ya wanafunzi 25. Shule hiyo ina wanafunzi 450 na walimu wa darasa 18. Ikipoteza wanafunzi 90, yaani mmoja kati ya kila watano, kila ngazi hubaki na watoto 40. Arobaini ni wengi mno kuwekwa katika mkondo mmoja, kwa hiyo mikondo hubaki miwili na walimu hubaki 18. Mwalimu mkuu ni yule yule, karani ni yule yule, na paa linalovuja halipungui kwa sababu chini yake pana madawati matupu. Mtoto huondoka peke yake, mmoja kutoka darasa hili na mwingine kutoka lile, lakini gharama hupangwa kwa mkondo na kwa jengo. Ndiyo maana hata kiongozi mwadilifu kabisa anaweza kuongoza wilaya inayopoteza watoto asiweze kupunguza matumizi kwa kiwango hicho hicho.

Chicago, hata hivyo, haikuishia kubaki na ikama yake, yaani idadi ya wafanyakazi wake. Iliiongeza. Mgomo wa walimu wa mwaka 2019, uliochukua siku 11 za masomo, ulizaa mkataba ulioahidi muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika kila shule. Mara ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na pamoja nao msaada wa serikali kuu wa karibu dola bilioni 2.8 kwa wilaya hiyo peke yake, fedha ambazo sehemu kubwa ilitumika kuajiri na kulipa watu. Muda wa fedha hizo ulikwisha Septemba 2024, lakini watu waliolipwa nazo walikuwa bado wako darasani na wazazi walikuwa wameshazoea kuwaona. Mwezi Aprili 2025 walimu waliridhia mkataba wa miaka minne wenye nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka wa kwanza na kati ya asilimia 4 na 5 kwa miaka inayofuata. Kiangazi cha mwaka huo huo wilaya ikajikuta na nakisi ya dola milioni 734 katika bajeti ya zaidi ya dola bilioni 10. Pengo hilo lilizibwa kwa kupunguza baadhi ya huduma na wafanyakazi, na pia kwa kutegemea dola milioni 379 kutoka mifuko maalumu ya kodi za maendeleo ya mitaa, chanzo ambacho hakuna anayeweza kuahidi kwamba kitatoa kiasi hicho kila mwaka.

Wanaotaka ikama ipunguzwe na shule ziunganishwe wana hoja nzito, na haifai kuwachukulia wote kuwa maadui wa elimu ya umma. Katika wilaya za Marekani, takriban asilimia 80 ya matumizi ya uendeshaji ni mishahara na mafao ya wafanyakazi. Anayesema atabana matumizi bila kugusa ikama anazungumzia sehemu ndogo tu iliyobaki, ambayo ndani yake mna umeme, mabasi, chakula na vitabu. Zaidi ya hapo, Chicago ina mfuko wake wa pensheni ya walimu, tofauti na wilaya nyingine za jimbo la Illinois ambazo pensheni zao hubebwa kwa sehemu kubwa na jimbo, na ina deni la muda mrefu linalozidi dola bilioni 9. Kila dola inayokwenda kwa mkopeshaji haifiki darasani. Wanaokopa leo ili kulipa mishahara ya leo wanamwachia mzigo mtoto ambaye bado hajaandikishwa.

Kuna hoja yao nyingine ambayo naiona nzito kuliko ya fedha: shule iliyo ndogo kupita kiasi humnyima mwanafunzi masomo. Sekondari yenye wanafunzi 28 haiwezi kuwa na mwalimu wa fizikia, wa muziki, wa lugha ya kigeni na wa hisabati ya juu kwa wakati mmoja, hata ikigharimu mara tano ya wastani. Sheria ya Illinois inayohusu wanafunzi wanaojifunza Kiingereza inaonyesha jambo hili vizuri. Inasema kwamba shule moja ikiwa na wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja ya nyumbani, lazima iwe na programu ya kufundisha kwa lugha mbili. Katika mitaa ya kaskazini kama Rogers Park wanaishi wakimbizi wa mataifa mengi, wakiwamo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Watoto 24 wa Kiswahili wakiwa katika shule moja wana haki kisheria ya mwalimu anayewafundisha kwa lugha yao, lakini wakitawanyika wanane wanane katika shule tatu, hakuna shule hata moja inayolazimika kuwapa programu hiyo. Mzazi anayetetea shule ndogo ya jirani kwa sababu anaipenda anafaa aambiwe jambo hili, na aambiwe kwa upole.

Upande wa pili una jambo ambalo hesabu za makaratasi hazikuwa nalo, yaani yale yaliyokwisha kutokea. Mwezi Mei 2013, wakati wa meya Rahm Emanuel, bodi ya shule ilipiga kura kufunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo mmoja. Wanafunzi karibu 12,000 walihamishwa, na takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa weusi. Waliambiwa kwamba wangekwenda katika shule bora zaidi, na kwa vipimo vya wilaya wengi walikwenda kweli. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliowafuatilia walionyesha mwaka 2018 kwamba matokeo yao yalishuka katika mwaka ule ule wa kutangazwa kufungwa, na kwamba katika hisabati walibaki nyuma kwa miaka kadhaa. Hata watoto waliokuwamo tayari katika shule zilizowapokea wageni hao waliyumba kwa muda. Majengo mengi yaliyofungwa yalikuwa bado hayana matumizi miaka kumi baadaye. Kwa mtaa ambao umeshapoteza duka, zahanati na nyumba za kupanga, shule yenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao ni tangazo kwa kila familia iliyobaki kwamba nayo ihame.

Na fedha zenyewe zilizookolewa? Taasisi ya Pew ilichunguza mwaka 2011 miji sita ya Marekani iliyokuwa imefunga shule, ikaona kwamba akiba kwa kila shule iliyofungwa kwa kawaida haikufika dola milioni moja kwa mwaka, isipokuwa pale ambapo kufunga kuliambatana na kupunguza wafanyakazi wengi. Jiji la Seattle nalo lilikutana na akiba ndogo kama hiyo kwa njia yake. Ikiwa mbele ya pengo la karibu dola milioni 100, mwishoni mwa mwaka 2024 viongozi wake walipendekeza kufunga shule nne za msingi, hatua ambayo ingeokoa takriban dola milioni 2.7. Wazazi walipinga, na mwezi Novemba mpango huo ukaondolewa. Ni vigumu kumlaumu mzazi aliyeuliza kwa nini shule ya mwanawe ivunjwe kwa ajili ya akiba isiyofika hata sehemu moja ya thelathini ya pengo lenyewe.

Hapa ndipo nadhani pande zote mbili zinakwepa ukweli mmoja. Wanaotaka kufunga shule husema wanaokoa fedha za majengo, wakati akiba yenye uzito hutoka kwa watu watakaokosa kazi, na hawapendi kulisema hilo mbele ya walimu. Wanaotetea ikama yote ibaki husema kila nafasi iliyopo ni ya lazima, wakati baadhi ya nafasi hizo ziliombwa na kutolewa kwa fedha ambazo kila mmoja alijua zina tarehe ya kwisha. Mazungumzo juu ya kuta hugeuka kuwa njia ya kutozungumza juu ya watu.

Mfumo wa kugawa fedha nao umeyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuanzia mwaka 2013 Chicago iligawa fedha kwa kichwa cha mwanafunzi. Shule iliyopoteza watoto ilipoteza fedha papo hapo, ikamwondoa mkutubi, kisha mwalimu wa sanaa, na wazazi walipoona hivyo wakawahamisha watoto wengine, fedha zikapungua tena. Shule nyingi ndogo za leo zilikaushwa hivyo, na kuzihukumu kwa udogo wao bila kutaja mfumo huo ni kuwaonea waliobaki ndani yake. Mwaka 2024 wilaya iliacha utaratibu huo, ikaamua kwamba kila shule ipate kiwango cha chini cha nafasi za kazi bila kujali idadi ya wanafunzi. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa watoto waliokuwa wameachwa nyuma, lakini huo pia ndio unaofanya gharama kwa mwanafunzi katika shule zilizo tupu zaidi ipande kiasi cha kutisha. Utaratibu huo hauwezi kudumu bila uamuzi kuhusu ni shule ngapi wilaya inapaswa kuwa nazo.

Wengi hupendekeza ikama ipungue polepole, kwa kutojaza nafasi za wanaostaafu na wanaoacha kazi. Nami naiona kuwa njia yenye utu kuliko barua za kuachishwa kazi, ambazo kwa desturi ya mikataba mingi huanza na aliyeajiriwa mwisho, na aliyeajiriwa mwisho mara nyingi ni mwalimu kijana katika shule ya mtaa maskini. Ila njia hii ina kasoro isiyosemwa sana. Wanaoondoka hawatoki pale penye ziada. Anaweza kuondoka mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, ambaye sheria inalazimisha awepo, huku madarasa ya chini katika shule nyingine yakibaki na walimu wengi kuliko watoto wanavyohitaji. Bila makubaliano na chama cha walimu kuhusu kuhamisha watu na kuwapa mafunzo ya fani zenye upungufu, kutojaza nafasi ni kuacha bahati iamue nani akose mwalimu.

Kwa maoni yangu baadhi ya shule za Chicago zitalazimika kuunganishwa, na kuendelea kukanusha hilo ni kuwadanganya wazazi. Lakini mpangilio wa mambo ndio utakaoamua kama itakuwa tiba au jeraha la pili. Wazazi waonyeshwe kwanza shule itakayowapokea watoto wao, na walimu wake, maabara yake na usalama wa njia ya kwendea, kabla ya kutajwa tarehe ya kufunga mlango wa ile ya zamani. Walimu wanaofahamiana na watoto hao wahame nao. Kwamba watu wa jiji hili hawaamini ahadi peke yake si ajabu: mwaka 2015, baada ya sekondari ya Dyett kufungwa, watu kumi na wawili walikaa siku 34 bila kula wakidai mtaa wao usiachwe bila sekondari ya wazi kwa wote, na shule ikafunguliwa tena mwaka 2016.

Mwaka 2024 bodi ya shule ya Chicago iliamua kutofunga shule yoyote hadi mwaka 2027. Mwezi Januari wa mwaka huo huo itaketi, kwa mara ya kwanza, bodi ya wajumbe 21 ambao wote wanachaguliwa na wananchi, katika uchaguzi wa Novemba 2026. Wagombea watakaosimama mbele ya wapiga kura wana wajibu wa kusema, kabla ya kura hizo, ni nafasi zipi za kazi wanakusudia kuzilinda, zipi wanakubali zipungue, na kwa fedha za chanzo gani.