Kidole Cheusi na Agizo la Kuacha Sigara

Fundi seremala mmoja wa Uyole, mkoani Mbeya, mwenye miaka 38, alirudi kutoka hospitalini amekasirika. Alikwenda na kidole gumba cha mguu kilichoanza kuwa cheusi, akarudi na vidonge vya maumivu na agizo moja: aache sigara zote, tangu siku ile ile. Ndugu zake walisema daktari amekwepa kazi, kwamba mtu amepeleka mguu akapewa mahubiri. Wengine walikwisha kuamua kwamba amekanyaga kitu alichotegewa.

Aliambiwa kuwa ana ugonjwa wa Buerger, ulioitwa hivyo kwa jina la Leo Buerger aliyeueleza huko New York mwaka 1908. Mishipa midogo na ya kati ya damu ya miguu na mikono huvimba kwa ndani na kuzibwa na damu iliyoganda, kuanzia vidoleni kwenda juu. Huwapata zaidi watu wasiofika miaka 50, na karibu wote ni watumiaji wa tumbaku.

Wanaomlaumu daktari huuliza kwa nini asifanye upasuaji, wakati mishipa ya moyo huzibuliwa kila siku. Swali ni la haki, lakini mshipa wa kupandikiza ili kuivusha damu palipoziba huhitaji mahali pazima pa kuupokea huko mbele, kuelekea vidoleni, na katika ugonjwa huu huko mbele ndiko kulikoziba kwanza. Zipo dawa za kupanua mishipa na za kutuliza maumivu, nazo husaidia, ila hakuna hata moja inayousimamisha ugonjwa huku mgonjwa akiendelea kuvuta.

Ndiyo maana narudia mara kwa mara hesabu iliyochapishwa mwaka 1990 na madaktari wa Cleveland, Marekani, waliowafuatilia wagonjwa wao kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa walioacha sigara, waliokatwa kiungo walikuwa takriban 5 katika kila 100. Miongoni mwa walioendelea, walizidi 40. Ni ugonjwa ule ule, na kilichowatenganisha kwa kiasi kikubwa ni sigara. Kidonge chenye nguvu ya namna hiyo tungekifuata hadi Muhimbili, na kama pesa haitoshi tungeuza ng'ombe. Kwa kuwa dawa hii haiuzwi dukani, tunaiona si dawa. Na haigawanyiki: sigara moja au mbili kwa siku zinatosha kuuweka ugonjwa hai, na ugoro hauna unafuu. Kwa mvutaji mwingine kupunguza ni hatua njema. Kwa huyu hakuna ushahidi kwamba kupunguza kunamwokoa.

Baridi yetu ya Juni na Julai huongeza ugumu. Mtu wa Uyole au Makete huwasha sigara akiamini inampasha joto, kumbe baridi inabana mishipa na nikotini inaibana zaidi. Akisogeza mguu wenye ganzi kwenye jiko la mkaa, huungua bila kuhisi, na kidonda hicho hakiponi.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja nzito. Si kila kidole cheusi ni Buerger, na daktari asiyepima kwanza sukari, moyo na mafuta ya damu hana haki ya kulitaja jina hilo. Pia, kumwambia aliyeanza kuvuta akiwa na miaka 15 "acha", kisha kumfungulia mlango atoke, ni kumwachia peke yake uraibu ambao maumivu yenyewe yanauchochea. Hata bazoka na plasta za nikotini, zinazowasaidia wengine, hapa zina mashaka, kwa sababu nikotini yenyewe inashukiwa kuuendeleza ugonjwa. Dawa za kuacha zisizo na nikotini zipo, lakini ni nadra kuzikuta katika zahanati zetu. Nayo Chunya, mkoani humu humu, inasomesha watoto kwa fedha ya tumbaku.

Hoja hizo zinaonesha namna agizo linavyopaswa kutolewa, hazilifuti. Fundi yule hulala mguu ukining'inia nje ya kitanda, kwa sababu ukishuka damu hufika kidogo na maumivu hupoa. Ilifaa mke wake aitwe ndani, waoneshwe wote wawili jinsi unyayo unavyopauka ukiinuliwa na kuwa mwekundu ukishushwa, waelezwe maana yake, kisha wapewe tarehe ya kurudi ndani ya wiki hiyo hiyo, kwa kuwa siku za mwanzo za kuacha ndizo ngumu kuliko zote.