Tundu Lisilopitisha Sindano

Asubuhi ya leo, wiki mbili baada ya kupeana mkono na fundi na kuhakikishiwa kwamba shughuli imekwisha, taa ya injini imewaka tena kwenye dashibodi, ya manjano, imetulia kama mdai aliyekwisha kupewa kiti.

Gari lenyewe halina neno. Linawaka kwa mkupuo mmoja, linavuta vizuri, wala halinuki. Kosa lake limeandikwa P0456, maana yake ni kwamba mahali fulani katika njia ya mvuke wa petroli pana tundu la kama nusu milimita. Sindano ya kushonea haipiti hapo. Kioo cha dirisha la nyuma hakipandi tangu mwaka juzi, mvua inaingia kama mgeni mwalikwa, na kompyuta ya gari haijawahi kuuliza habari zake.

Nilianza na kifuniko cha tangi, kama kila mtu. Nilinunua kipya, nikakikaza hadi kikalia mara tatu, na taa ikarudi. Fundi wa kwanza alibadilisha vali inayopeleka mvuke kwenye injini bila hata kuipima. Ile ya zamani nilirudi nayo nyumbani nikaipuliza kwa kinywa changu mwenyewe: haikupitisha pumzi, na vali isiyo na umeme inatakiwa iwe hivyo hivyo. Tulikuwa tumezika mzima, na ladha ya petroli ilinikaa ulimini hadi usiku.

Fundi wa pili alikuwa na mashine ya moshi. Aliiunganisha kwa heshima zote, akaufungulia moshi kwa shinikizo dogo, kisha akanikabidhi tochi na kuniomba nimsaidie kutazama chini, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa unamsumbua. Basi nikalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, nikiwa nimevaa shati la kazini, nikaanza kukagua mipira kama daktari mkuu anayepita wodini. Haikupita dakika, moshi ukamwagika karibu na kopo la mkaa linalohifadhi mvuke. Fundi akapiga kofi. "Umeona, bosi? Kopo limekufa. Tunanunua jingine."

Nikamjibu kutoka uvunguni, kwa sauti ya upole niliyoitunza kwa hafla kama hizo, kwamba moshi ule ulikuwa unatokea kwenye vali ya kuingizia hewa, ambayo kwa kawaida huwa wazi, na kwamba mtu huifunga kwanza ndipo atafute tundu. Alinyamaza. Akaniuliza kama na mimi ni fundi. Nikasema mimi ni mtu niliyebadilishiwa vali nzima. Akaifunga kwa kutumia mashine yake ya kusomea makosa, tukangoja, jasho likinichuruzika masikioni, hadi uzi mmoja wa moshi, mwembamba kuliko wa udi unaokaribia kuzimika, ulipojitokeza juu ya gurudumu la nyuma, pale bomba la kujazia mafuta lilipoliwa na kutu. Nilipiga kelele za furaha, nikainuka ghafla, na paji la uso likakutana na chuma.

Bomba likasuguliwa, likapakwa gundi, kosa likafutwa. Niliuliza kama gundi itatosha, au bomba libadilishwe. Akasema itatosha. Wiki mbili zikapita bila taa, nikaanza hata kumsifu mbele ya watu.

Nilichosahau ni kwamba kompyuta hii haijipimi ovyo. Inataka gari lilale, liamke baridi, na tangi liwe kati ya takriban asilimia 15 na 85. Na mimi, kama mnavyojua wenzangu, siku zote hizo nilikuwa naishi chini ya mstari mwekundu, nikitia vikombe viwili vitatu vya kunifikisha na kunirudisha. Hakuna mtihani uliofanyika! Juzi mshahara umeingia, nikajitia utu uzima, nikajaza nusu tangi. Jana gari likajipima likaanguka, leo limerudia likaanguka tena, na taa ikawaka.

Nimempigia fundi simu. Nikamweleza yote kwa utaratibu, tangu kutu hadi gundi hadi nusu tangi. Akavuta pumzi ndefu, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Sasa bosi, nani alikutuma ujaze mafuta?"