Haijafunguliwa, bosi

"Haijafunguliwa hii, bosi. Angalia skrubu mwenyewe."

Ilikuwa Jumamosi, soko la Mlango Mmoja, Mwanza. Nilikuwa nimefuata suruali za mitumba, nikajikuta nimechuchumaa mbele ya turubai la kijana anayeuza chaja, rimoti na redio zilizokata pumzi. Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na mashine ya gemu, PlayStation 2 au PS2, nyembamba, nyeusi, yenye stika ya timu ya Pamba iliyobanduka nusu. Kwa lugha ya pale, "haijafunguliwa" haimaanishi kwamba iko kwenye boksi lake kama ilivyotoka kiwandani. Maana yake hakuna fundi aliyewahi kuichokonoa. Bei laki na themanini, pamoja na pochi ya CD ishirini na kitu.

Kuna watu wanaolitumia neno hilohilo kwa maana nyingine kabisa. Julai 2021, kwenye mnada wa Heritage Auctions huko Marekani, nakala ya Super Mario 64 ambayo bado ilikuwa na nailoni yake iliuzwa dola milioni 1.56. Ni gemu ya mwaka 1996, na aliyeinunua hawezi kuicheza, maana akiichana ile nailoni tu, hela imeyeyuka. Sina ugomvi naye. Ila ushauri mwingi kuhusu gemu za kale za kununua hutoka kwa watu wa aina yake, au kwa wanaomwonea wivu: jalada likoje, kijitabu kipo, kona hazijapinda? Sisi wa huku jalada tuliliona wapi? CD zetu zilikuwa za kuchoma, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "WINING" na "TEKEN", na mashine zimetiwa chipu ili zizikubali. Kwenye mnada hazipati hata senti. Kwa hiyo swali letu linabaki moja: ukiiwasha leo, inachezeka?

Nina kipimo changu, na nilikipata kwa umaskini.

Nimekulia Kirumba, karibu na Mwaloni, kiasi kwamba mpaka leo harufu ya dagaa wakavu inanikumbusha mlio wa PlayStation ikiwaka. Banda letu la gemu lilikuwa la mabati, TV mbili za chogo, mabenchi mawili. Mechi moja shilingi mia mbili, anayefungwa anainuka. Mia mbili siku nyingi sikuwa nayo. Nikisema ukweli, sehemu kubwa ya utoto wangu sikucheza gemu, nilitazama wenzangu wakicheza, nimesimama mlangoni jua likinichoma kisogo. Jioni wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi, wakafuata mwanga na kujaa kwenye kioo, mwenye banda aliwafuta kwa kandambili bila kusimamisha mechi, na hapo ndipo magoli ya ajabu yalipofungwa. Kesi zake hazikuwahi kuisha.

Sasa, mchezaji aliyelipa hujidanganya. Ametoa mia mbili yake, lazima aone utamu. Aliyesimama mlangoni hana alichotoa. Gemu ikimchosha anaondoka, anakwenda kuogelea. Kwa hiyo mimi gemu ya zamani naipima kwa huyo: kama mtu asiye na senti alikubali kuungua jua kwa ajili yake, nunua. Kama hata mlangoni hapakuwa na mtu, achana nayo, hata isifiwe vipi mtandaoni.

Tekken 3, ile gemu ya mapigano, inapita kipimo hiki bila jasho. Ilitoka kwenye PlayStation mwaka 1998, na kitu kizuri ni kwamba PS2 inasoma CD za mashine ile ya kwanza, kwa hiyo huhitaji kutafuta mashine mbili. Pambano ni la dakika moja, moja na nusu. Hakuna cha kueleza: huyu mstari wake wa uhai umejaa, yule umebaki kidogo, kila mtu anaona nani anakufa. Na kila mtu ana maoni. Banda letu lilikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa chaki ukutani, "EDDY MARUFUKU", kwa sababu Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera, ukibonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo anazunguka kama pangaboi na kumpiga mtu aliyejifunza kwa miezi sita. Nilipoileta nyumbani mwaka jana, mpwa wangu wa miaka kumi, anayetoka Igoma kuja kwetu likizo, alimchagua nani kwenye pambano la pili? Hakuambiwa na mtu. Nikarudisha ile sheria papo hapo, akaniita mwonevu. Gemu ya kabla hajazaliwa, na tayari tunagombana kama watu wa rika moja.

Winning, ile ya mpira, nayo. Hapa nitabishana na yeyote. Tulikuwa tunaziita zote Winning, ingawa majalada ya Ulaya yaliandikwa Pro Evolution Soccer, na ninayoisema ni ile ya 6, ya mwaka 2006. Adriano wa Inter Milan, mguu wa kushoto, kutoka umbali wowote. Ukimwona kageuka tu, mlangoni watu walishaanza kupiga kelele kabla mpira haujaondoka. Konami, waliokuwa wanaitengeneza, hawakuwa na kibali cha timu zote, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red, na sisi tuliyakubali majina hayo kama majina ya ubatizo. Nina rafiki ambaye alidhani kweli kuna mchezaji mkubwa wa Brazil anaitwa Castolo. Ukianza ligi ya kujenga timu unapewa kikosi cha watu wa kubuni, Castolo, Minanda, Ximelez, na unawapenda kwa sababu hawajui mpira.

Mbona nainunua wakati kuna mpya? Kwa sababu hiyo yenyewe haina mpya. Mwaka 2021 Konami waliliacha jina la Pro Evolution na kwenda na eFootball. Na siyo hiyo tu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilichunguza gemu zilizotoka nchini mwao kabla ya 2010, ikakuta asilimia 87 haziuzwi tena madukani wala mtandaoni. Kilichobaki ni vitu vya mkono wa pili, na kwetu vitu vya mkono wa pili vina anwani: Mlango Mmoja.

Gemu za mpira za FIFA za miaka ileile usinunue. Zilikuwa zinatoka kila mwaka ili ya mwaka jana ife, na zimekufa kweli.

GTA San Andreas, ile ya kuzurura mjini na kukimbizana na askari, ndiyo inanisumbua. Kipimo changu inakipita kwa mbali: watu sita tumesimama tukimtazama CJ, yule unayemchezesha, akiendesha baiskeli, kila mmoja akiwa dereva. "Mgonge huyo! Rudi nyuma! Askari hao!" Tulikuwa na daftari la shule lenye kodi zote, yaani vitufe vya siri vya kuipa gemu amri, na ile ya silaha naikumbuka kuliko jedwali la saba: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, halafu mishale minne tena. Basi nikaipata, nikaiweka, usiku, peke yangu sebuleni. Nikapanda baiskeli. Nikazunguka. Hakuna aliyenipigia kelele nimgonge mtu. Baada ya dakika arobaini nikazima nikalala. Gemu haijaharibika, ni ileile ya 2004, kilichokosekana ni mlango wenye watu. Kama nyumba yako ina watu, nunua. Na ukinunua, tafuta CD ya PS2, usikimbilie toleo lililofanyiwa ukarabati la 2021, lile lililotoka na kasoro nyingi mpaka Rockstar, wenye gemu wenyewe, wakaomba radhi. Baadhi ya nyimbo za redioni nazo zilishaondolewa kwenye matoleo ya baadaye kwa sababu vibali viliisha muda, na San Andreas bila redio yake ni gari tu.

Sasa niwaeleze nilivyoliwa hela.

Kabla ya PS2 nilinunua ile mashine ya kaseti, yenye pedi mbili na bunduki ya plastiki, kaseti imeandikwa gemu 9999. Ndani mlikuwa na gemu kama kumi, zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa majina. Hilo nilitegemea, nani asiyejua? Nilichotaka ni Duck Hunt, gemu ya bata ya Nintendo ya mwaka 1984. Nikaichomeka kwenye TV ya kisasa ya ukutani, mpwa akalenga, akafyatua. Bata akapaa. Akafyatua akiwa ameigusisha bunduki kwenye kioo. Bata akapaa. Na yule mbwa akatoka majanini akatucheka, kama anavyowacheka watu miaka yote. Nikadhani bunduki mbovu, nikaifungua, nikaifunga, nikamlaumu muuzaji wa watu.

Kumbe bunduki ni nzima. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Bunduki haitoi kitu chochote. Ina jicho linalouliza tu: mbele yangu kulikuwa giza kisha ukaja mwanga? Likiona hivyo, bata anaanguka. TV ya chogo inachora picha papo hapo. TV bapa inaikalia picha kidogo kabla ya kuionyesha, na ule muda mdogo tu unatosha jicho kukosa. Nikaenda kwa shangazi Nyakato kuomba lile chogo lake la inchi kumi na nne lililokuwa limewekewa maua juu. Akasema, "Mlilicheka hili." Nikaomba radhi, nikalibeba kwa bajaji nimelikumbatia. Bata wakaanza kuanguka.

Ucheleweshaji huohuo ndio unaofanya Mario wa 1985 aonekane mgumu kuliko tulivyomkumbuka: unabonyeza aruke, anaruka akiwa tayari shimoni. Kwa hiyo kama huna chogo wala njia ya kulipata, gemu za kaseti acha, cheza hizo hizo kwenye simu. Tetris hata usiilipie, ipo kila mahali. Ingawa lazima niseme, mama yangu, ambaye gemu zote anaziita madubwana yenu, alimsimamia mpwa nyuma ya kiti akaanza kumwelekeza, "Geuza, mjukuu wangu, ligeuze hilo refu." Gemu ya Mrusi, ya miaka ya themanini, na bado mtazamaji hakai kimya.

Turudi kwenye ile PS2 ya laki na themanini. Nilimwomba yule kijana aiwashe, akachomeka kwa jirani yake muuza spika. Usikubali kuonyeshwa CD moja tu; muuzaji yeyote ana ile moja inayokubali. Nilichagua mwenyewe mbili pochini, moja ya chini kabisa yenye mikwaruzo. Nikaweka sikio: ikisoma kwa mlio mmoja laini sawa, ikianza tki-tki-tki ujue lenzi imechoka. Ilisoma. Memori kadi ikafunguka, ndani kukiwa na ligi ya mtu, msimu wa nne, timu nzima ya akina Castolo. Sikuifuta.

Tatizo likawa pedi ya pili. Kitufe cha R1 kimezama, hakirudi. Tekken hakina kazi sana, ile kodi ya silaha ya San Andreas haianzi bila hicho, na kwenye Winning ndiyo mbio zenyewe.

"Kumi na tano ntakupunguzia, bosi."

"Thelathini."

Tulimalizana kwenye laki na hamsini na tano. Hiyo pedi ni ya mpwa.