Lori la Dar na lori la Marekani: gurudumu likisimama, nani analipa?

Wadogo zetu wa Temeke na Tabata wanaomaliza udereva kwenye vyuo vya NIT Mabibo au VETA Chang'ombe huwauliza walio Marekani swali lile lile: niingie kwenye malori, na kama naingia, nianzie Dar au nitafute njia ya kuja huko? Wengi hutanguliza mshahara. Mimi niliye huku Marekani ningetanguliza swali jingine: gurudumu likisimama, nani analipa?

Chukua safari ya Kongo. Dar hadi Tunduma ni kilomita 930 hivi, na semi, yaani lori la kichwa na tela, ikiwa na mzigo inaweza kufika kwa siku mbili. Kinachokula mwezi ni foleni: geti la bandari, mizani, Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, kisha Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo. Sehemu kubwa ya kipato cha dereva wa nyumbani ni posho ya safari, na posho hiyo hupangwa kwa safari nzima. Foleni ikirefuka wiki, chakula, maji ya kuoga na mlinzi wa kuangalia tairi usiku vyote vinatoka humo humo.

Watu wanadhani huku jambo hili halipo. Lipo. Dereva wa masafa marefu kwa kawaida hulipwa kwa maili, na ukiwa umeegesha ghalani hakuna maili. Saa mbili za kwanza za kusubiri mzigo mara nyingi ni za bure, zinazofuata zinategemea kampuni. Sheria ya saa inakaza zaidi: baada ya kupumzika saa 10 mfululizo unaruhusiwa kuendesha saa 11, lakini zote ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi. Saa hizo 14 hazikusubiri. Ukikaa saa tano ghalani zimebaki tisa, na ukitimiza saa 8 za usukani lazima upumzike dakika 30. Tangu Desemba 2017 malori mengi yanarekodi muda huo kwa kifaa kilichounganishwa na injini, kwa hiyo mchezo wa kuandika saa za uongo kwenye daftari umekuwa mgumu.

Hata hivyo kifaa hicho ndicho ningetamani kifike barabara ya Tunduma kabla ya kitu kingine chochote cha huku. Bosi akikupigia saa nane usiku akitaka ufike asubuhi, unamjibu kwamba saa zimeisha, na sheria iko upande wako. Nyumbani anayehesabu usingizi wako ni wewe na tingo wako, na wote wawili mmechoka.

Kuhusu kuja, niseme wazi kwa sababu kuna watu wanauza ndoto hii. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Mtu akikuomba milioni kadhaa akuandalie kazi ya lori Marekani, muulize anatumia viza gani, kisha shika pesa yako. Na hata aliyeingia kwa njia nyingine halali anaanza upya. Leseni yako ya Daraja E haibadilishwi kuwa leseni ya lori ya huku, kwa kuwa Marekani hutambua leseni za namna hiyo za Kanada na Meksiko tu. Utapimwa afya kwanza: cheti kinadumu miezi 24 kwa kikomo, na shinikizo la damu likifika 140/90 unapewa muda mfupi zaidi au unakosa kabisa. Utapata leseni ya kujifunzia, ukae nayo siku 14 au zaidi, usome kwenye chuo kilichosajiliwa (ni lazima tangu Februari 7, 2022), halafu mtihani wa sehemu tatu: kukagua gari, kurudi nyuma na kuegesha, kisha barabarani. Ukifanya mtihani kwa lori la otomatiki, leseni itaandikwa kwamba huruhusiwi gia za mkono. Aliyezoea gia Dar asikubali kupoteza hilo bure. Kuvuka mipaka ya majimbo ni kuanzia umri wa miaka 21. Na tangu Juni 2025 dereva asiyemudu Kiingereza mbele ya mkaguzi anaondolewa barabarani papo hapo.

Sasa nyumbani, ambako naona kijana mwingi afadhali aanzie. Kazi ya Dar ni nzito kwa maana halisi ya neno. Kikomo cha kawaida huku, lori na mzigo pamoja, ni pauni 80,000, karibu tani 36.3. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, semi ya ekseli sita inaruhusiwa hadi tani 50, lori na mzigo pamoja: 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa, 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye tairi pacha. Ekseli saba ni tani 56. Jifunze hesabu hiyo kabla ya kukutana na mizani ya Vigwaza, maana unaweza kuwa na tani 49 halali na bado ukakamatwa. Mzigo ukisukumwa mbele ya kontena, uzito unahamia kichwani na ile 18 inavuka. Huku unachomoa pini, unatelezesha ekseli za tela, unapima tena. Tela nyingi za nyumbani hazisogezi ekseli, kwa hiyo mahali pa kusema hapana ni wakati wa kupakia.

Lori la tani 50 hizo, mara nyingi likiwa na shaba, ndilo linaloshuka mlima Kitonga kurudi Dar. Ngoma ya breki ikipata moto inapanuka na kuikimbia lainingi inayoikaba, fimbo ya chemba ya breki inasafiri mbali zaidi, na breki iliyokuwa imelegea kidogo asubuhi inafika mwisho bila kushika. Chagua gia ndogo juu kabisa, kabla ya mteremko, acha injini ishike. Kasi ikifika ulipopanga, kanyaga kwa nguvu sekunde kama tatu hadi ipungue kilomita 8 hivi, achia, ngoma ipoe. Usikanyage kidogo kidogo njia nzima, na usishuke na gia huru eti kuokoa dizeli.

Kipimo kimoja cha huku kinafaa kila asubuhi pale yadi. Weka vigingi kwenye magurudumu, jaza upepo, zima injini, achia breki ya kuegeshea, kanyaga breki dakika moja. Baada ya mshuko wa kwanza kutulia, mshale wa geji ya upepo ukishuka zaidi ya psi 4, yaani bar 0.28 hivi, kuna mahali panavuja. Usiondoke.

Kabla ya kusaini, omba mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaka uandikwe. Soma nani analipa tairi ikipasuka na mafuta yakipungua, na kama NSSF inapelekwa. Kisha nenda getini Kurasini, tafuta madereva wawili waliorudi wiki hiyo. Waulize tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na kilichobaki mfukoni. Gawanya kwa siku zote, za foleni zikiwemo.